Jumanne Yangu Kitabuni

Jumatatu, 5 Mei

Suruali kumi na nne za shule, zote za kijivu. Baridi imeingia mapema. Asubuhi vidole havishiki sindano mpaka nivizungushie kikombe cha chai.

Saa ya chakula nimefunga mlango wa duka na kusoma sura ya kumi na moja ya riwaya ya rafiki yangu Nyambura. Nzuri. Inaniudhi jinsi ilivyo nzuri. Mji wa Ujerumani ya kale, kabla ya cherehani, kabla ya saa za mkononi. Mtawa Hedwiga anaona mambo kabla hayajatokea, na watu wanapanga safari, ndoa na mavuno kwa maneno yake. Mmonaki Anselmo anatunza kengele ya monasteri. Amegundua kwamba akiipiga kwa mpangilio fulani, siku iliyopita inarudi nzima, na watu wote wanaiishi upya bila kujua. Lakini kila siku inaporudi, kitu kinabadilika mahali pengine. Mfalme aliyezikwa anaonekana sokoni. Vita vinahamia mji wa pili. Mambo tuliyosoma shuleni yanaanza kwenda njia nyingine.

Katikati yuko Marta, mfumaji. Huyo nampenda. Nilimweleza Nyambura jinsi mgongo unavyouma ukiinamia kitambaa mwaka mzima, upande gani, saa ngapi. Ameandika vilevile.

Nasahihisha kwa kalamu nyekundu. Nyambura anafundisha historia chuo kikuu, amesoma mpaka akachoka, lakini Kiswahili chake kina harufu ya Kiingereza. Ameandika kwamba Marta "alifanya maamuzi ya kuolewa." Nimekata. "Aliamua kuolewa." Kabla sijawa fundi hapa Malvern, Johannesburg, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Fizi, Kongo. Mkono haujasahau.

Jumatano, 14 Mei

Mume wangu ametoka zamu asubuhi, amekuta karatasi zimejaa meza. Analinda ghala huko kusini, usiku kucha na redio ya mawasiliano kiunoni. Akauliza kitabu kinasema nini. Nikamweleza habari ya kengele. Akacheka. Akasema yeye angerudisha siku aliyokubali kulinda panya.

Nilicheka pia. Kidogo.

Mwanetu Amani aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama hiyo ni hadithi ya watu wanaosafiri ndani ya wakati. Ana miaka kumi na mitano. Kiswahili anakisikia chote, hajibu hata neno. Nikamwambia ni hadithi ya watu wasiokubali yaliyowapata. Akasema eish, Ma, inasikitisha. Akaenda shule.

Jumamosi, 31 Mei

Kwa Nyambura, mtaa wa Observatory. Chai ya tangawizi, jua la dirishani. Miaka sita sasa tangu alete koti lake nilipunguze mikono. Sina dada Johannesburg. Yeye ndiye. Jikoni kwake ndipo nilipowahi kusema jambo langu, mara moja tu, miaka miwili iliyopita. Hakunishangaa. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Hukukosa, dada. Ungejuaje?" Nililala vizuri wiki nzima.

Leo amenipa sura ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Kisha ya kumi na saba mpaka ishirini.

Nikauliza, tatu za katikati ziko wapi?

"Zile ni vita tu, Mama Amani. Zitakuchosha. Mhariri wa Nairobi ameshazipitia."

Sawa. Nimesoma nyingine palepale, yeye anasahihisha mitihani ya wanafunzi wake. Mwisho wa sura ya kumi na tatu tauni imefika lango la mji, na Marta ana mtoto wa miaka minne, Johane. Sura ya kumi na saba Johane ni mtu mzima, mshauri wa mfalme. Anamzuia mfalme kutuma meli kusini. Meli hazitoki. Hazitoki mwaka ule wala mwaka wowote. Hakuna anayefika kwetu kuchukua watu, wala pembe, wala mpira, wala shaba. Kitabu kinaionyesha Afrika kwa ukurasa mmoja tu, watu wanavuna, basi. Nimeweka karatasi chini nikatazama ukuta. Sikujua Nyambura ana akili ya namna hii.

Nikamuuliza, mtoto alipona vipi ile tauni?

Akamimina chai. "Utasoma kikitoka."

Jumanne, 17 Juni

Nimemaliza sura ya mwisho. Nyambura amenikumbatia mlangoni. Amesema jina langu litakuwamo ndani ya kitabu.

Baba Amani ameshawaambia watu wote kanisani.

Ijumaa, 25 Julai

Gauni la uzinduzi. Nyambura anataka mshono wa wanawake wa enzi ile, mikono mirefu ya kubana, kamba za kufunga ubavuni, lakini kwa kitenge. Tumecheka sana tukipima. Ameongezeka kiunoni, nimeandika sentimita sahihi, ameomba nidanganye.

Amempigia Baba Amani simu mwenyewe kumwalika. Si kwa ulinzi, kama mgeni. Baba Amani ameomba ruhusa kazini na kuulizia shati jeupe. Mtu huyu hajawahi kualikwa mahali penye viti vya mstari isipokuwa kanisani na mazishini.

Jumanne, 19 Agosti

Gari la mizigo limeleta boksi la vitabu hapa dukani. Nyambura yuko darasani, alitoa anwani yangu. Amepiga simu: nipokee tu, nisifungue, atapita jioni.

Nimefungua. Jina langu limo, kwa nini nisifungue?

Ukurasa wa shukrani: "Kwa Mapendo, fundi wa Malvern, aliyenipa Marta."

Nikasoma tena. Aliyenipa Marta.

Nikaenda sura ya kumi na nne. Inaitwa "Jumanne."

Nimefunga duka saa nane mchana. Siwezi kuandika.

Jumatano, 20 Agosti

Naandika, ili niyaone kwa mwandiko wangu na si kwa chapa yake.

Kwetu, mwaka ule wa vita. Baba Amani alikuwa ametangulia huku kutafuta kazi. Mimi nilibaki na mtoto wetu wa kwanza, Heri. Miaka minne. Lori la mfanyabiashara mmoja lilikuwa linashuka Uvira siku ya Jumanne. Uvira kulikuwa na hospitali, na mpaka uko karibu. Alinishikia nafasi mbili, kwa sababu nilimfundisha mwanawe. Heri alikuwa ameanza homa Jumatatu. Homa ndogo.

Kwenye kikundi chetu cha maombi kulikuwa na Mama Debora. Alikuwa anaona. Watu walimsikiliza. Jumatatu jioni aliniwekea mkono kichwani akasema ameona damu barabarani, nisipande lori la Jumanne, ningoje Alhamisi.

Nikangoja.

Lori lilifika Uvira salama. Watu wote walishuka wazima. Jumatano barabara ikafungwa. Alhamisi asubuhi Heri akafa mikononi mwangu, bila kidonge hata kimoja.

Nilipompata Baba Amani kwa simu, baada ya wiki tatu, nilimwambia hapakuwa na lori. Ndivyo nilivyosema. Hapakuwa na lori. Miaka ishirini na moja anaamini hivyo. Anasikitika kwamba hapakuwa na lori.

Sasa kitabu. Lori ni mkokoteni wa farasi. Uvira ni mji wa ng'ambo ya mto wenye matabibu. Mama Debora ni mtawa Hedwiga. Jumanne ni Jumanne, hakuibadilisha hata siku. Nafasi ni mbili. Marta anangoja. Mtoto anakufa Alhamisi. Halafu sura ya kumi na tano mmonaki anapiga kengele, Jumanne inarudi, Marta anapanda mkokoteni, mtoto anapona na kukua na kuzuia meli zote za Ulaya.

Hilo ningeweza kulivumilia. Labda.

Lakini ameweka maneno ya Heri. Usiku ule homa ilipopanda alisema, "Mama, mbona nyumba inatembea? Iambie isimame." Hayo nilimwambia Nyambura peke yake. Hata kwa Mungu sikuwahi kuyarudia. Yako ukurasa wa mia moja na sitini na mbili, ndani ya alama za kunukuu, yamesemwa na mtoto wa Kizungu.

Na mistari mitatu chini yake: "Marta alijua. Kila mama hujua. Alimtii mtawa kwa sababu kutii ni rahisi kuliko kufikiri."

Kumbe ndivyo alivyokuwa anafikiri. Pale jikoni, akiwa amenishika mikono.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimekwenda kwake. Nimepanda teksi mbili nikiwa na kitabu ndani ya mfuko wa nguo za kukunja pindo. Alipofungua mlango alikiona, hakuuliza.

Nikamwambia, ulinificha sura tatu.

"Nilitaka uzione zikiwa zimekamilika."

Ulinificha.

Akaenda kusimama dirishani. Kisha akaanza kuzungumza kama yuko mbele ya wanafunzi. Kwamba mwandishi hutoa vitu mahali vilipo. Kwamba hii ni Ulaya, miaka mia saba iliyopita, nani atajua? Kwamba nilipomsimulia, baada ya kunirudisha nyumbani alilia kwenye gari, na kitabu kilichokuwa kimekufa mkononi mwake kikaamka.

"Nimempa maisha, Mapendo. Nimempa miaka sitini. Ameokoa bara zima."

Nikamwambia mwanangu hakutaka kuokoa bara. Alitaka nyumba isimame.

Akakaa chini.

Nikamwonyesha ile mistari mitatu. Nikamuuliza kama ni Marta anayesemwa au ni mimi. Akasema ni sauti ya msimulizi, si yake. Nikamwambia sijui msimulizi ni nani, mimi najua aliyeshika kalamu. Hapo akawa mkali. Akasema na mimi nilimdanganya mume wangu miaka ishirini, nisije kwake kujifanya mtakatifu.

Ni kweli. Ndiyo maana imeniingia.

Nilimwomba mambo mawili. Asisome sura hiyo siku ya uzinduzi. Baba Amani atakuwapo. Na jina langu, kama inawezekana, lisitajwe jukwaani. Vitabu vimeshachapwa, najua, lakini mdomo ni wake.

"Nakuahidi, dada. Nitasoma sura ya meli."

Nimerudi kwa miguu mpaka kwenye robot ya chini, taa za barabarani, ndipo nikapata teksi.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisani watu wamenipongeza. Mama mmoja wa Burundi amenibusu mashavu. Baba Amani alisimama kando yangu kama bwana harusi.

Namchukia Nyambura. Naandika hapa kwa sababu kanisani haisemeki. Namchukia kwa sababu anajua kuandika. Mtu mbaya angeandika vibaya, ningecheka. Yeye amemweka Heri pale mpaka nimesikia joto la paji lake. Kisha akampa mama mwingine.

Baba Amani amenunua shati. Limetundikwa nyuma ya mlango.

Haiwezekani ayasikie kwa mtu mwingine. Hata Nyambura akitimiza ahadi, kitabu kitaingia nyumbani, atakisoma. Anasoma polepole lakini anasoma.

Jumatano, 27 Agosti

Bado sijasema. Leo asubuhi nilianza. Nikasema, "Baba Amani, kuna jambo." Akasema ameshaliona, bomba la sinki, atalitengeneza Alhamisi akiwa off.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimemwambia. Saa tisa mchana, Amani akiwa shuleni. Bomba lilikuwa limefunguliwa, yeye kapiga magoti chini ya sinki. Nilimwambia atoke kwanza.

Nikasema lori lilikuwapo.

Hakuelewa. Nikasema tena, tangu mwanzo. Nafasi mbili. Mama Debora. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Alikuwa na spana mkononi na hakuiweka chini muda wote.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akauliza ni nani mwingine anajua. Nikasema Nyambura. Nikasema yamo kitabuni.

"Anajua tangu lini?"

Miaka miwili.

"Mgeni amejua miaka miwili. Mimi baba yake nimejua leo."

Nikataka kusema nilimwogopa. Si kweli, si mtu wa kuogopwa. Nilikuwa nimezoea kumwona akivilaumu vita. Vita havihisi kitu. Nilitaka aendelee kuvilaumu.

Alikaza bomba mpaka mwisho. Akajaribu maji. Akafuta sakafu. Kisha akachukua begi la kazini na lile shati, akaenda kwa binamu yake, mtaa wa Turffontein. Nimemwambia Amani baba ana zamu za ziada.

Maneno ya Heri sikumwambia. Sikuweza. Nilimweleza lori, barabara, siku. Ya nyumba kutembea yalinikwama.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimemaliza gauni. Nilifikiria kuacha mshono mmoja wa ubavuni bila kufunga vizuri. Nimeufunga mara mbili. Siwezi kushona vibaya kwa makusudi, mkono unakataa.

Dereva aliyemtuma amelichukua. Nyambura ametuma ujumbe: asante, limekaa kama ngozi, tutaonana kesho, usiogope.

Baba Amani hajapiga simu.

Jumapili, 31 Agosti

Ya jana. Naandika taratibu.

Ukumbi wa maktaba, saa nane mchana. Watu kama sabini. Wakenya wenzake Nyambura wa benki na vyuo, wake zao, watoto, Wakongo wachache wa kanisa letu. Sambusa kwenye sinia. Amani nilimwacha nyumbani na kazi za shule. Nilikaa mstari wa nyuma. Kwa nini nilikwenda? Kwa sababu Baba Amani angeweza kwenda, na sikutaka awe peke yake mle ndani.

Alikuja. Shati jeupe, limepigwa pasi na mtu asiyejua kola. Alikaa upande wa pili, mstari wa tatu. Hakunitazama.

Nyambura alipendeza. Naliandika kwa sababu gauni ni kazi yangu.

Mhariri kutoka Nairobi alieleza kitabu. Utabiri, kengele, Ulaya ambayo haikutokea. Kisha akamkaribisha mwandishi asome. Nyambura akafungua kitabu mahali palipokuwa na alama ya karatasi. Akasema, "Nitawasomea sura iliyokibeba kitabu chote." Hakutazama nyuma.

"Jumanne."

Nilijua kabla hajamaliza neno.

Amesoma vizuri. Mkokoteni ukaondoka bila Marta. Watu waliopanda wakafika salama. Homa ikapanda. Nilitazama mgongo wa mume wangu, sikutazama kitu kingine. Alipofika kwenye "Mama, mbona nyumba inatembea," mama mmoja mbele yangu alitoa kitambaa akajifuta macho. "Iambie isimame." Mgongo wa Baba Amani haukutikisika. Lakini kichwa chake kilishuka kidogo. Kidogo tu.

Ile mistari mitatu aliisoma pia.

Makofi. Kisha maswali. Mtu wa benki akauliza kuhusu utafiti. Dada mmoja akauliza kama kitatafsiriwa. Halafu Baba Amani akasimama. Walimpa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo.

"Mwalimu, mimi ni mlinzi, sijui mambo ya vitabu. Nauliza haya maneno ya mtoto. Ya nyumba kutembea. Mtoto aliyasema kweli?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Wanavyocheka kwa mtu anayeuliza kama shujaa wa sinema alikufa kweli.

Nyambura alishika meza. "Ni hadithi, Baba Amani."

Yeye hakukaa. Akageuka, viti vyote vile katikati yetu, akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa unauliza lilelile.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akarudisha kipaza sauti kwa adabu, akasema asante, akatoka. Watu wakageuka kuona alikuwa anamtazama nani. Nilibeba mkoba wangu nikatoka mlango wa pili. Nje hakuwapo.

Mwanamume huyu amesikia maneno ya mwisho ya mwanawe kwenye spika, katikati ya watu wanaokula sambusa. Hilo wamemfanyia wawili. Mmoja ni mimi.

Jumanne, 2 Septemba

Nyambura amekuja dukani. Hakuvaa miwani ya jua, macho yamevimba. Nilikuwa na mteja, akangoja kwenye benchi kama wengine.

Mteja alipotoka alianza mwenyewe. Mhariri alimshinikiza asubuhi ya uzinduzi. Sura ya meli ni ndefu mno. Pale mbele alifungua tu mahali palipokuwa na alama, akajikuta anasoma.

"Alama aliiweka nani?" nikamuuliza.

Akafungua mkoba, akaufunga.

Akasema anaweza kuondoa mistari mitatu kwenye chapa ya pili. Akasema yuko tayari kuongea na Baba Amani. Akasema ananipenda. Naamini ananipenda. Alinipenda hivyohivyo alipokuwa anaandika, na aliandika.

Nilifungua daftari la vipimo, nikatoa ukurasa wake. Bega, kifua, kiuno, mkono. Nikaukunja nikampa. Nikamwambia fundi yeyote mzuri ataweza kuutumia.

"Mapendo, usinifanyie hivi."

Nikamwambia nina suruali za watu.

Alikaa kwenye benchi muda mrefu. Kisha akaondoka. Mashine ilikuwa inakwenda lakini sikuwa nimeweka uzi.

Jumamosi, 6 Septemba

Baba Amani amerudi. Saa nne asubuhi, begi lilelile. Alisalimia, akaoga, akala ugali na sombe, majani ya muhogo, vilivyobaki jana, akalala. Hakusema amerudi mpaka lini.

Alipoamka alikuta nachambua mchele. Akavuta kibao akakaa, akaanza kuuliza. Hakuuliza kwa nini. Alitaka kujua mambo madogo. Lori lilikuwa rangi gani. Buluu, turubai la kijani. Nani alikaa kwenye nafasi zetu. Mke wa karani na dada yake. Walifika? Walifika. Heri alikuwa amevaa nini. Fulana yake ya njano, ile aliyoituma yeye kutoka huku, ilikuwa inamfika magotini. Nani alichimba. Baba mdogo na majirani wawili. Alilia? Mwishoni hapana. Mwishoni alikuwa ametulia.

Nilijibu yote. Sikuongeza kitu cha kunifunika.

Akauliza kama niliiambia nyumba isimame.

Nikasema ndiyo. Nilimwambia nyumba imesimama, mwanangu. Heri akanishika kidole.

Hili halimo kitabuni. Nyambura sikumpa hili.

Baba Amani akanyanyuka, akaenda kusimama uani. Hakunigusa. Hakunitukana pia. Nimemaliza mchele.

Jumatano, 10 Septemba

Anaongea na mimi kuhusu chumvi, funguo, zamu. Usoni hanitazami sana. Nastahili. Sijui itachukua muda gani na sitauliza.

Nyambura ametuma ujumbe mara tano. Nimesoma wa kwanza.

Jumapili, 14 Septemba

Mchungaji mpya anataka orodha ya familia zote. Kila nyumba imepewa fomu. Mwaka jana mambo ya fomu nilijaza mimi, mwandiko wangu ni mzuri. Leo baada ya chakula Baba Amani ameichukua mwenyewe, akakaa mezani na miwani yake.

Jina la mume. Jina la mke. Mkoa mliotoka. Anaandika kwa herufi kubwa, polepole, kama anachonga.

Penye idadi ya watoto aliandika 2.

Nilikuwa naosha vyombo. Niliona kwa juu ya bega lake. Niliendelea kuosha sahani ileile.

Mstari wa kwanza, HERI. Tarehe ya kuzaliwa aliijua. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, ile Alhamisi ilikuwa tarehe ngapi. Nikamwambia. Akaiandika pembeni, nje ya kisanduku, kwa sababu fomu haina mahali pake. Mstari wa pili, AMANI.

Akanisogezea nitie sahihi. Nilikausha mikono kwanza. Nimetia.

Amani alikuwa mlangoni anang'arisha viatu vya kesho. Alipita mezani kuchukua brashi, akaiona karatasi. Akauliza kwa Kiingereza chake, Heri ni nani.

Hatukuwahi kumwambia. Hata mara moja.

Nilimtazama mume wangu. Yeye alivua miwani, akaikunja, akavuta kiti kilichokuwa kando yake.

"Weka kiatu chini," akamwambia. "Njoo ukae hapa. Mama yako na mimi tutakueleza."